Rivyu ya databesi tano kwa kitu kimoja tu: majina ya kolamu kwenye majibu

Rivyu nyingi za databesi utakuta zinaongelea spidi, inabeba data kiasi gani, leseni ikoje, bakapu inafanyikaje, na hayo yote yana maana sikatai, ila kuna kitu kimoja kinakula muda wa watu kila siku na ni wachache wanaokiandikia. Ukituma kweri, yaani ombi la data kwa lugha ya SQL, na majibu yakarudi, zile kolamu zimepewa majina gani? Siongelei majina uliyoandika wakati unatengeneza jedwali, hayo unayajua mwenyewe, naongelea majina yanayorudi pamoja na majibu, yale ambayo programu yako inayatumia kuchokoa data. Kwahiyo nimechukua tano ambazo watu wengi wanazitumia, SQLite, PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server, na hapa nazipima kwa hilo tu, mengine yote naacha.

Na msimamo wangu nautoa mapema ili ujue ninapotokea: kwangu mimi databesi inayokupa jina baya kabisa, au inayokataa kuendelea mpaka uandike jina mwenyewe, inakufaa kuliko ile inayokupa jina linaloonekana zuri. Jina baya unalirekebisha siku hiyohiyo, jina linaloonekana zuri unalijengea ripoti na dashibodi na skripti tatu juu yake, halafu siku mtu anakuja kugusa kweri kidogo tu jina linabadilika na vitu vinaanza kukatika mahali ambapo hata hakugusa.

Anza na kweri rahisi kuliko zote, ya kuhesabu mistari ya jedwali la oda, SELECT COUNT(*) FROM oda. Mstari mmoja huo. SQLite na MySQL wao wanachukua maandishi yako kama ulivyoyaandika na kuyafanya jina la kolamu, yaani ukiandika COUNT(*) kwa herufi kubwa jina ni COUNT(*), ukiandika count(*) kwa ndogo jina ni count(*), na ukiweka nafasi ndani ya mabano, na zile nafasi nazo zinaingia kwenye jina. PostgreSQL inakupa count, basi, jina la fanksheni bila mabano. Oracle inakupa COUNT(*) kwa herufi kubwa hata kama uliandika ndogo. SQL Server haikupi jina lolote, kolamu inarudi tupu, na ukiwa ndani ya Management Studio, programu ya kuendeshea SQL Server, utaona pale juu imeandikwa No column name, ila hayo maneno ni ya skrini tu, jina lenyewe ni maandishi matupu.

Kwahiyo kweri moja, kitu kilekile kinahesabiwa, na ukiwa na programu inayochukua thamani kwa jina unahitaji kujua unaongea na nani upande wa pili. Na hapo hatujatoka nje ya hizo tano, maana ukienda BigQuery unapewa f0_, ukienda Trino unapewa _col0, Hive inakupa _c0, Spark inakuandikia count(1) na DuckDB inasema count_star(). Kiwango cha SQL chenyewe hakijalazimisha jina la kolamu ya hesabu ambayo hukuipa jina, kimeachia kila mtengenezaji aamue, ndo maana huwezi hata kumlaumu mmoja kwamba amevunja sheria. Hakuna sheria ya kuvunja.

SQLite ndo naanza nayo kwa sababu ndo iko kila mahali, kwenye simu, kwenye brauza, kwenye programu ndogondogo za kompyuta, D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na mpaka leo ni huria kabisa isiyo na mwenyewe. Kitu ninachowaheshimu watu wa SQLite ni kwamba wamesema ukweli kwenye maelezo yao. Ukisoma maelezo ya fanksheni yao ya kutoa jina la kolamu, wamesema wazi kabisa kwamba ukiweka AS, lile neno la kuipa kolamu jina, jina ni lile uliloweka, na usipoweka AS basi jina halijaahidiwa na linaweza kubadilika toleo moja hadi lingine. Hawajazungusha maneno. Sasa tatizo ni kwamba watu hawasomi pale, wanaona jina limerudi zuri, SELECT bei FROM bidhaa imerudisha bei, wanasema sawa inafanya kazi, na kweli inafanya kazi, miaka na miaka, ila ahadi haipo.

Na kwenye hesabu ndo SQLite inapochosha. Fikiria una kweri ya SELECT bei*idadi FROM mauzo, jina la kolamu linakuwa bei*idadi. Mwenzako anakuja na kile kifaa cha kupanga msimbo vizuri, kinaweka nafasi pande zote mbili za nyota, jina sasa ni bei * idadi. Hakuna aliyebadilisha hesabu, hakuna aliyegusa data, na programu inayotafuta bei*idadi haipati kitu. Alafu ukiunganisha majedwali mawili yote yana id na ukayafunga ndani ya kweri ya ndani, yaani kweri iliyo ndani ya kweri nyingine, SQLite inaita ya kwanza id na ya pili id:1, yaani inajitungia. Kuna PRAGMA (amri za mipangilio za SQLite) mbili za zamani, short_column_names na full_column_names, ambazo zilikuwa zinakuruhusu kuchagua kama jina lije na jina la jedwali mbele au lije lenyewe, ila zote wamezitangaza kwamba zimepitwa na wakati na haifai kuzitumia, kwahiyo ukikuta mtu kwenye jibu la zamani anakushauri uwashe full_column_names, mpite.

PostgreSQL ndo napenda kuliko zote kwa kazi za kawaida, ila kwenye hili ina sura mbili. Sura ya kwanza nzuri: ukiandika SELECT bei*idadi inakupa kolamu inaitwa ?column?, na alama za kuuliza mbele na nyuma. Ni jina baya, na ndo uzuri wake, hakuna mtu atakayeweka ?column? kwenye ripoti ya bosi, utarudi tu uweke AS jumla. Ukiwa na hesabu mbili zote zinaitwa ?column?, na ukijaribu kutengeneza viu (kweri iliyohifadhiwa kwa jina na kutumika kama jedwali) kutoka hapo inakukatalia inakwambia hilo jina limetajwa zaidi ya mara moja. Safi kabisa, hivyo ndivyo ninavyotaka.

Sura ya pili ni pale inapojaribu kukusaidia. Fanksheni inaipa kolamu jina lake, kwahiyo SELECT sum(bei), sum(kodi) inakurudishia kolamu mbili zote zinaitwa sum, na kama laibrari yako inageuza kila mstari kuwa kamusi ya jina na thamani, moja ya hizo sum inapotea kimyakimya bila erori yoyote. Ukigeuza thamani ya moja kwa moja kuwa aina nyingine unapata jina la aina, mfano '2024-01-01'::date inaitwa date, na 5::int haiitwi int bali int4, kwa sababu ndani hiyo aina inajulikana kwa jina hilo.

Halafu kuna hii ya CASE, yaani kuchagua thamani kwa sharti, hii ningependa kila anayetumia PostgreSQL aijue. Ukiandika CASE WHEN amelipa THEN 0 ELSE deni END, kolamu haiitwi case, inaitwa deni, kwa sababu inachungulia kile kilichoko kwenye ELSE na ikikuta ni kolamu ya kawaida inachukua jina lake. Sasa geuza sharti, andika CASE WHEN NOT amelipa THEN deni ELSE 0 END, maana ni ileile mradi amelipa haina NULL (thamani isiyojulikana), lakini sasa kolamu inaitwa case. Yaani mtu amegeuza sharti ili lisomeke vizuri tu, na jina la kolamu limehama. Hapo ndo namaanisha nikisema jina linaloonekana zuri ni mtego, deni ni jina zuri kabisa, lina maana, kila mtu analiamini, kumbe limekuja kwa bahati ya mpangilio wa maneno.

Na matoleo nayo yanabadilisha. Mpaka toleo la 13 ukiandika extract(year FROM tarehe) kolamu ilikuwa inaitwa date_part, maana ndani ndo ilikuwa inageuzwa kuwa fanksheni hiyo. Toleo la 14 lililotoka 2021 wakabadilisha extract irudishe numeric na kolamu ikaanza kuitwa extract. Mabadiliko yenyewe yalikuwa mazuri, sababu zao ni za msingi, ila kila ripoti iliyokuwa inasoma date_part bila AS ilikosa kolamu yake siku seva ilipopandishwa toleo.

MySQL nitaongea kifupi kwa sababu tabia yake ya majina ya hesabu inafanana sana na SQLite, inakopi maandishi. Ila ina kitu kizuri ambacho SQLite haina: ukiweka kweri ya ndani yenye kolamu mbili za jina moja, inakataa, inakwambia Duplicate column name na inakutajia ni ipi. Haijitungii id:1. Nje kabisa lakini, kwenye SELECT ya juu, inaruhusu id mbili zikae pamoja kama kawaida, kama wengine wote hawa.

Oracle ni ya herufi kubwa. Kila jina usiloliwekea alama za nukuu inaligeuza kuwa herufi kubwa, na kwa kweli hiyo ndo kiwango cha SQL kinavyosema, PostgreSQL ndo imeenda kinyume kwa kugeuza kuwa ndogo, na wao wenyewe wamekiri hivyo kwenye maelezo yao. Uzuri wa Oracle ni ukali wake kwenye viu, ukitengeneza viu yenye kolamu ya hesabu bila jina inakupa ORA-00998 inakutaka uipe jina kwanza. Kikwazo chake cha zamani kilikuwa urefu, majina yalikuwa mwisho baiti 30, watu wakawa wanakata maneno mpaka yanabaki konsonanti tupu, na mifumo mingi bado imejaa majina ya aina hiyo mpaka leo ingawa kuanzia 12.2 wamepanua mpaka baiti 128.

SQL Server ndo inapata alama ya juu kwangu kwenye hili na najua kuna watu watashangaa. Sababu ni moja: haijaribu kukisia. Huna jina, hupati jina. Ukiweka hesabu isiyo na jina ndani ya kweri ya ndani inakataa, inakwambia kolamu namba fulani haijapewa jina. Ukiweka majina mawili yanayofanana ndani inakataa pia, inakutajia jina lenyewe na mahali lilipo. Kwahiyo mtu aliyekulia kwenye SQL Server anakuwa na mkono unaoandika AS bila hata kufikiria, maana amelazimishwa tangu mwanzo, na huyo mtu ukimhamishia PostgreSQL kweri zake zinakuja safi.

Sasa nje ya hesabu kuna hili la herufi kubwa na ndogo, ambalo linaumiza watu wanaofanya kazi na databesi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Chukua mstari huu, SELECT COUNT(*) AS JumlaYaOda FROM oda. Umeweka AS, umefanya sahihi kila kitu. SQLite, MySQL na SQL Server zinakurudishia JumlaYaOda kama ulivyoandika. PostgreSQL inakurudishia jumlayaoda. Oracle inakurudishia JUMLAYAODA. Majina matatu kutoka kwenye mstari mmoja uliokopiwa bila kubadilishwa hata herufi. Ukisema uweke alama za nukuu ili PostgreSQL iheshimu herufi zako, inaheshimu kweli, ila kama hilo jina limeingia kwenye jedwali au viu basi umejifunga, kila atakayeligusa kuanzia hapo lazima aweke nukuu na aandike herufi kubwa palepale ulipoziweka, akisahau anaambiwa kolamu haipo wakati anaiona kwa macho yake.

Ndo maana mimi nasema andika herufi ndogo na mstari wa chini katikati, jumla_ya_oda, basi. Oracle bado itaigeuza JUMLA_YA_ODA lakini maneno yanabaki yametenganishwa na yanasomeka, na kuzigeuza zote kuwa ndogo ni kazi ya sehemu moja tu kwenye programu yako. PHP kwenye PDO, laibrari yake ya kuongea na databesi, ina mpangilio wa hilo tayari, ATTR_CASE, unachagua zije kubwa, ndogo au zilivyo. JDBC, njia ya Java ya kuongea na databesi, yenyewe ukitafuta kwa jina haijali kubwa wala ndogo, kwahiyo watu wa Java hawalioni hili tatizo mpaka siku wanageuza majibu kuwa JSON na yule wa upande wa skrini anauliza mbona leo funguo zote ziko herufi kubwa.

Na hapa lazima niongelee draiva na laibrari, vile vinavyounganisha programu yako na databesi, maana databesi inaweza kukurudishia majina sawasawa na bado ukaharibikiwa njiani. Kweri ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni hii, SELECT * FROM wateja JOIN oda ON oda.mteja_id = wateja.id. Majedwali yote mawili yana id, pengine yote yana jina, yote yana tarehe_kuundwa. Databesi inarudisha zote bila shida, id ya mteja kwanza alafu mbele huko id ya oda. Sasa nani anashinda? Kwenye JDBC ukiomba id unapewa ya kwanza, ya mteja. Kwenye PHP ukitumia mysqli_fetch_assoc ya mwisho ndo inashinda, unapata ya oda. Kwenye Python na SQLite inategemea hata umechagua njia gani ndani ya laibrari ileile, ukitumia sqlite3.Row na kuomba kwa jina unapata ya kwanza, ukijitengenezea kamusi kwa kuunganisha orodha ya majina na mstari wa data unapata ya mwisho.

Hebu itazame kwa karibu hiyo. Skrini inaonyesha orodha ya oda, kila mstari una kitufe cha kufuta, kitufe kimebeba id. Mteja namba 7 ana oda namba 412. Laibrari moja inampa kitufe 412, nyingine inampa 7, na 7 nayo ni namba halali kabisa ya oda ya mtu mwingine. Hakuna erori. Hakuna chochote chekundu kwenye logi. Kitu kimefutwa, ujumbe umesema imefanikiwa, na oda ya mtu asiyehusika ndo imeondoka. Ndo maana mtu akiniambia majina ya kolamu ni mambo ya urembo huwa namwonyesha kweri hii kwanza.

BigQuery kwenye hili imeamua vizuri, majibu yenye kolamu mbili za jina moja inayakataa mojakwamoja, hata kwenye SELECT ya juu kabisa. Mwanzoni inaudhi ukiwa na haraka, ila ule usumbufu wa dakika moja unakuepusha na kitufe cha kufuta nilichokisema.

Kwa Java kuna jingine. Kuna getColumnName na kuna getColumnLabel, ya kwanza kwa maana yake inatakiwa itoe jina la kolamu ya asili na ya pili itoe lile uliloweka kwa AS. MySQL Connector/J inafuata hivyo kuanzia matoleo ya 5.1, kabla yake kwenye 5.0 getColumnName ilikuwa inatoa jina la AS, na wakaacha mpangilio unaitwa useOldAliasMetadataBehavior kwa ajili ya mifumo iliyokuwa imezoea ya zamani. Draiva ya PostgreSQL yenyewe getColumnName inakupa hilohilo la AS. Kwahiyo msimbo uleule wa Java, kweri ileile yenye AS, ukibadilisha databesi kifaa chako cha ripoti kinaanza kuonyesha majina ya asili badala ya yale uliyoyapanga. Dawa ni kutumia getColumnLabel kila mahali, inatoa jibu sahihi kote, na ukinunua au ukichagua kifaa cha ripoti jaribu hilo siku ya kwanza kabla hujaingiza kitu kingine: weka kweri yenye AS, weka moja yenye kolamu mbili za jina moja, weka moja yenye hesabu bila jina, angalia kinaonyesha nini. Mimi nimeshatumia kimoja, sikitaji, ambacho kilikuwa kikikutana na majina mawili yanayofanana kinaonyesha kolamu zote mbili lakini thamani ni za moja, na hiyo ilikuwa ripoti ya fedha, watu wakawa wanaona kiasi kilicholipwa ni sawasawa na kiasi kilichodaiwa kila mwezi na kufurahi.

UNION, inayopanga majibu ya SELECT mbili au zaidi kuwa orodha moja, nayo isisahaulike. Zote tano hapa zimekubaliana, majina yanatoka kwenye SELECT ya kwanza, ya pili na kuendelea majina yake hayana kazi. Hapo angalau kuna umoja, ila mtu akija kupanga upya, akaweka SELECT ya pili juu kwa sababu anaona inaleta maana zaidi, majina yote ya majibu yamebadilika. Na mbaya zaidi UNION inalinganisha kwa nafasi, sio kwa jina, kwahiyo kama juu ni jina, simu na chini ni simu, jina na zote ni maandishi, namba za simu zinakaa kwenye kolamu ya jina na hakuna anayelalamika.

Kama nikitoa nyota kwa hili tu: SQL Server nne kati ya tano, imepoteza moja kwa sababu SELECT ya juu bado inaruhusu kolamu isiyo na jina itoke nje. Oracle tatu na nusu kwa ule ukali wa viu. PostgreSQL tatu na nusu pia, ?column? ningeipa tano yenyewe ila ile ya CASE na zile sum mbili zimeishusha. SQLite tatu, na ingekuwa mbili kama wasingesema ukweli kwenye maelezo yao. MySQL mbili na nusu. Hizi nyota hazikwambii uhame databesi, mtu hahami databesi kwa ajili ya majina, zinakwambia tu uwe macho wapi.

Kwenye kazi zangu nimeweka mambo machache na yanasaidia popote. Kweri yoyote inayoishi ndani ya programu haina nyota ya SELECT *, na kila kolamu ya hesabu ina AS, hata kama ni count moja tu. Kwenye JOIN kila id inabadilishwa jina, mteja_id, oda_id, hata kama sasa hivi naihitaji moja tu. Kwa PostgreSQL naangalia urefu, maana jina likizidi baiti 63 linakatwa, inakupa taarifa tu sio erori, na majina mawili marefu yaliyofanana mwanzo yanaweza kuishia kuwa jina moja. Halafu naweka testi fupi inayotuma kweri, inachukua orodha ya majina yaliyorudi, inailinganisha na orodha iliyoandikwa, na inahakikisha hakuna lililojirudia. Testi hiyo haigusi data hata kidogo, unaweza kuweka LIMIT 0 au WHERE 1=0 na majina yanarudi vilevile, kwahiyo inakimbia haraka hata kwenye jedwali kubwa, na ndo ninayoikimbiza kwanza kabisa seva ikipandishwa toleo au draiva ikiapdetiwa.

Ninachowaomba watengenezaji ni switchi moja, mtu aiwashe mwenyewe akitaka: kolamu isiyo na jina au jina lililojirudia kwenye SELECT ya juu kabisa, ikataliwe. SQL Server tayari inakagua hivyo kwenye kweri za ndani, Oracle na PostgreSQL wanakagua kwenye viu, MySQL inakataa yanayojirudia ndani, kwahiyo ukaguzi umeshaandikwa, umeishia mlangoni tu. Wakiutoa nje hatua hiyo moja, na ukaja umezimwa ili kweri za zamani zisivunjike, mimi nitauwasha kwenye kila mradi siku hiyohiyo.